Kuingia kwenye kazi ya UX jijini Nairobi: anzia saiba, kisha unda chama

Maswali ni yale yale. Nimeulizwa nikisubiri matatu pale Kencom, nimeulizwa na binamu aliyemaliza chuo, nimeulizwa na fundi wa simu wa Luthuli Avenue ambaye kutwa nzima hurekebisha mipangilio iliyowashinda wenye simu. Nichukue kozi gani? Lazima nijue kuandika programu? Nitapataje kazi ikiwa kila tangazo linadai uzoefu wa miaka mitatu?

Huu ndio mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo. Umesimama juu ya mambo mawili: kukaa kando ya watu wanapotumia vitu, na kuwa na kikundi kidogo kinachoiangalia kazi yako bila kukubembeleza. Mengine yote utajifunza ukiendelea.

Tuelewane kwanza. UX (user experience, yaani uzoefu wa mtumiaji) ni kazi ya kuhakikisha kwamba mtu anayetumia kitu, iwe apu, menyu ya kabambe (simu ya vitufe) au fomu ya mtandaoni, anafika alikokusudia bila kupotea njiani. Don Norman, mtaalamu wa usanifu, alipoanza kulitumia jina hilo akiwa Apple mwaka 1993, alitaka libebe kila anachokutana nacho mtumiaji, zaidi ya skrini. Nadharia hiyo inatutosha kwa sasa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu ya Android ya bei ya kawaida, kama ile waliyo nayo majirani zako. Ukijaribia kazi yako kwenye simu ya bei ghali pekee, utadanganyika.
- Laptopu inayofungua kivinjari bila kuganda. Figma, programu ya kuchora skrini, ina kiwango cha bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Penpot hufanya kazi hiyo hiyo, ni ya bure na ya chanzo huria. Chagua moja.
- Daftari na kalamu. Utavitumia kuliko unavyodhani.
- Saa sita hadi nane kila wiki, kwa miezi sita hivi, bila kuruka.
- Pesa kidogo ya kuwanunulia watu kredo au chai, kwa sababu utawaomba muda wao.
- Kozi moja. Ile ya cheti cha UX ya Google iliyoko Coursera tangu 2021 inafaa, na mtu asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa ada. Interaction Design Foundation, iliyoanza 2002, ina masomo mengi kwa ada ya uanachama. Shika moja umalize. Nimewaona vijana wenye vyeti vinne ambao hawajawahi kukaa na mtumiaji hata mmoja, na inaniuma, kwa sababu bidii wanayo.

Kuandika programu si sharti. Kuelewa kwamba kila kitufe unachochora lazima mtu mwingine akijenge, hilo ni sharti.

Hatua ya 1: Kaa saiba siku mbili

Usifungue Figma bado. Tafuta saiba (duka la kompyuta na intaneti) mtaani kwenu, ile inayowajazia watu fomu za eCitizen (huduma za serikali), za iTax (kodi) na za HELB (mikopo ya wanafunzi), umwombe mwenyewe ruhusa ya kukaa pembeni. Mhudumu wa saiba ni mtafiti ambaye hajawahi kupewa cheo hicho. Anajua ukurasa ambao watu wakifika huinuka na kuondoka, neno linalowachanganya, na nywila wanayoisahau kila mwaka. Ukiweza, nenda wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ya kupeleka ritani za kodi. Utakuta hata vijana wasio na mapato, ambao ritani yao ni ya sifuri, wamepanga foleni kulipa ili mtu mwingine awabonyezee.

Andika mambo manne kwa kila mtu: alitaka kufanya nini, alikwama wapi, alijinasua vipi, nani alimsaidia. Andika maneno yake kama alivyoyasema, Sheng ikiwemo. Mtu akisema "hii kitu imenirudisha mwanzo tena", usiibadilishe iwe "changamoto ya urambazaji". Maneno yake ndiyo utakayoyahitaji baadaye.

Ukikosa saiba, keti karibu na kibanda saa ya chakula cha mchana. Utasikia wanaolipa kwa M-Pesa wakiuliza: "Ni till ama ni paybill?" Hesabu swali hilo linaulizwa mara ngapi kwa saa moja, na mwenye kibanda amebuni njia gani ya kulimaliza. Wengine wameandika kwa rangi ukutani. Wengine wametundika kadibodi. Hao nao wanasanifu.

Onyo: saiba imejaa vitambulisho, PIN na nywila. Usiandike jina wala nambari ya mtu, na usipige picha ya skrini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uwe na sababu halali, kama vile ridhaa yake, kabla ya kukusanya habari za mtu. Ukitaka kuzungumza na mteja, msubiri amalize shughuli yake, ujitambulishe, umweleze unachofanya, kisha ukubali akikataa.

Hatua ya 2: Chagua tatizo moja dogo

Kosa linalorudiwa na karibu kila anayeanza ni kuchukua apu kubwa inayojulikana duniani na kuipaka rangi mpya. Hujui kwa nini ilijengwa ilivyo, huna mtumiaji uliyemwona akikwama, na anayeajiri ameshaona kazi kama hiyo mara mia.

Chukua kitu ulichokiona kwa macho yako. Mfano ninaoupenda ni tokeni ya stima. Umelipa kwa simu, ujumbe umeingia na tarakimu 20, nyumba ni giza. Simu yenye ujumbe ndiyo hiyo hiyo tochi yako. Unasoma nne, unabonyeza nne kwenye mita, skrini inazima, umepoteza ulipofika. Kuna sababu tarakimu hizo husomwa nne nne: kumbukumbu yetu ya muda mfupi hubeba mafungu madogo vizuri kuliko mstari mrefu. Sasa fikiria shosho anayeishi peke yake na macho yake yamepungua nguvu. Hapo una mradi mzima, na hakuna aliyekutuma.

Andika tatizo kwa sentensi moja: nani, akiwa katika hali gani, anashindwa kufanya nini, na hasara yake ni ipi. Ikikulazimu kuandika sentensi tatu, umebeba matatizo mawili. Weka moja kando.

Hatua ya 3: Chora kwa karatasi, kisha kwenye skrini

Chora njia tatu tofauti za kulitatua, kwa kalamu, kila moja kwa dakika kumi. Ya kwanza huwa ndiyo ile kila mtu angeifikiria. Chagua moja uipeleke Figma au Penpot, ukizingatia haya:

- Fremu (sanduku la skrini unayochora) iwe na upana wa pikseli 360, unaokaribiana na simu nyingi za Android zilizoko mikononi mwa watu. Kitufe kisiwe chini ya 48 kwa 48.
- Maandishi yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi, kama unavyotaka WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu.
- Nambari ya simu ikubaliwe ikianza na 07, 01 au +254, ikiwa na nafasi au bila. Bado kuna fomu zinazoikataa 01.
- Jina lisilazimishwe kuwa mawili. Kuna wenye matatu kwenye kitambulisho, na kuna wenye moja.
- Tumia maandishi halisi tangu mwanzo, kwa lugha watakayosoma watu. Settings ikigeuka Mipangilio, kitufe chako kinapasuka. Afadhali ukijue leo.
- Kabla ya kitendo kisichorudi nyuma, onyesha kitakachotokea. Fikiria jinsi ilivyo faraja kuona jina la mpokeaji kwenye M-Pesa kabla pesa haijaondoka.
- Chora pia skrini ya intaneti ikikatika katikati. Itakatika.

Kuhusu uwiano wa rangi, niseme kidogo. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa apu ya kurekodi mauzo sokoni. Niliichora kwa kijivu chepesi juu ya nyeupe, ofisini kila mtu akaisifu. Tulipoipeleka sokoni saa saba mchana, mama wa kwanza aliinamisha simu, akaikinga kwa leso, akaniambia, "Mwanangu, hapa hakuna kitu." Hakuwa anatania, hakuwa anaona kitu. Tangu siku hiyo kila mchoro wangu hutoka nje juani kabla haujamfikia mteja. Nawe fanya hivyo. Ni bure.

Hatua ya 4: Jaribu na watu watano, ukinyamaza

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba majaribio matatu ya watu watano watano yana faida kuliko jaribio moja la watu 15, kwa sababu unarekebisha katikati. Kwa anayeanza hii ni habari njema: huhitaji bajeti, unahitaji Jumamosi tatu.

Usichukue wanafunzi wenzako wala ndugu anayekupenda. Tafuta watu walio kwenye ile sentensi yako ya tatizo. Mkiketi, anza hivi: "Mama, leo simjaribu mtu. Najaribu hiki nilichochora. Ukikwama, kosa ni langu, na utakuwa umenisaidia." Kisha mpe kazi ya kufanya, usimwelekeze. Mwambie, "Stima imeisha, umelipa mia mbili. Endelea." Usimwambie, "Bonyeza hapo juu kulia."

Halafu nyamaza. Hili ndilo gumu zaidi katika kazi nzima. Mtu anapohangaika mbele yako, malezi yetu yanakusukuma umsaidie. Bana ulimi, hesabu hadi kumi. Akikuuliza, "Nibonyeze hapa?" mrudishie kwa upole: "Wewe ungefanyaje kama sikuwepo?"

Jambo la pili ni adabu. Hapa kwetu mtu hawezi kukuambia usoni kwamba kazi yako ni mbaya, hasa ukiwa umemsalimia vizuri na kumnunulia chai. Atasema, "Iko sawa." Neno hilo usiliandike kama matokeo. Andika vidole vyake vilisimama wapi, alirudi nyuma mara ngapi, alisoma kipi kwa sauti, alicheka kwa aibu akiwa skrini gani. Ukitaka maoni yake, mwulize kuhusu jirani: "Dada yako angekwama wapi hapa?" Utashangaa jinsi ulimi unavyofunguka mtu akimsemea mwingine. Na usiulize "Ungetumia kitu kama hiki?" Kila mtu husema ndiyo. Uliza, "Mara ya mwisho stima ilipoisha ulifanyaje? Nionyeshe."

Mshukuru, mpe kredo uliyoahidi hata kama mlimaliza kwa dakika tano, na ukirekebisha kitu kwa sababu yake, mrudie umwonyeshe. Wengi huchukua majibu ya watu na kupotea. Mtaa hukumbuka.

Hatua ya 5: Andika kisa cha kazi

Jalada lako la kazi (portfolio) lisizidi visa vitatu. Viwili vinatosha kuanza. Kila kisa kijibu: tatizo lilikuwa la nani, ulimwona wapi, ulijaribu nini, nini kilishindikana, ulibadilisha nini, kulitokea nini baadaye. Weka mchoro wa kwanza kando ya wa mwisho, na chini yake sentensi ya mtumiaji iliyokufanya ubadilishe, bila jina lake.

Usifiche jaribio lililoanguka. Ninapopitia majalada ya waombaji, huwa naenda moja kwa moja kutafuta mahali mtu alipogundua amekosea. Asiponionyesha, nahisi hajajaribu na mtu yeyote. Na hakikisha jalada linafunguka haraka kwenye simu, maana wengi hulifungua wakiwa njiani.

Hatua ya 6: Unda chama

Hatua hii naomba usiiruke. Watu wengi husema wanataka "jamii ya wataalamu" wakimaanisha kundi la WhatsApp lenye watu 250 na matangazo ya kazi. Nairobi haijakosa makundi hayo. iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilipofunguliwa mwaka 2010 kwenye Barabara ya Ngong, nguvu yake ilikuwa watu kuketi chumba kimoja na kuonyeshana kazi ambayo haijaisha. Hicho ndicho cha kuiga, na tayari tunajua namna: mama zetu wameendesha vyama miaka nenda miaka rudi kwa kitabu kimoja na siku moja ya mwezi. Chukua muundo huo huo. Badala ya pesa, kinachozunguka ni macho.

Uendeshe hivi:

1. Anzeni watu sita hadi wanane. Wakizidi hapo, wengine huketi kimya. Mmoja au wawili wawe waandishi wa programu, ili mjue mapema kipi hakijengeki.
2. Wekeni siku isiyobadilika, kwa mfano kila Jumamosi ya pili na ya nne, saa nne asubuhi hadi saa sita. Mchana ni muhimu: wanachama wote, wanawake wakiwemo, wafike nyumbani mapema bila wasiwasi.
3. Mahali pawe pa bei nafuu, panapofikika kwa matatu moja au mbili. Maktaba, ukumbi wa kanisa, hoteli ndogo isiyo na kelele. Mkitumia maktaba, ulizeni kwanza kama kuna chumba cha kuzungumzia.
4. Kila kikao wawili "wanapokea". Mwenye zamu hueleza tatizo kwa dakika tano, kisha hunyamaza dakika ishirini huku wenzake wakisema wanachoona. Haruhusiwi kujitetea. Anaandika tu.
5. Wanaosema wamefungwa na sheria moja: huwezi kusema "sijapenda". Unasema, "Hapa nilidhani nikibonyeza nitarudi, nikajikuta mbele."
6. Mwekeni katibu. Kitabu kionyeshe nani alipokea, aliambiwa nini, na kikao kijacho aje na kipi kilichobadilika.
7. Mchango uwe mdogo na wa lazima, wa chai na kredo za wanaojaribiwa. Mtu akitoa hata shilingi 100, huja.

Baada ya miezi minne au mitano, fungueni mlango siku moja. Tarehe nzuri ni Siku ya Kimataifa ya Urahisi wa Matumizi, Alhamisi ya pili ya Novemba, inayoadhimishwa tangu 2005. Mwalikeni yule mhudumu wa saiba aongee. Nakuhakikishia atawafunza zaidi ya mgeni mwenye slaidi.

Onyo: chama kisigeuke mahali pa kusifiana, wala uwanja wa mmoja anayejua kuliko wote. Zungusheni uenyekiti.

Hatua ya 7: Tafuta kazi, na ujilinde

Usisubiri tangazo lenye neno UX. Benki, sako, mashirika ya afya, kampuni za kilimo na za uchukuzi zote zina fomu zinazowashinda watu. Nenda na kisa kinachowahusu: "Niliketi na wateja watano, watatu walikwama hapa." Mazungumzo hubadilika.

Uzoefu wa miaka mitatu unaodaiwa mara nyingi ni njia ya kuuliza, "Umewahi kumaliza kitu na watu halisi?" Visa viwili vilivyojaribiwa hujibu swali hilo. Omba hata kama unayo nusu ya wanayoyataja.

Ukipewa "zoezi" la mahojiano, saa mbili tatu ni sawa. Wakitaka wiki nzima ya kazi kwenye bidhaa yao halisi, omba malipo au uombe kuwaonyesha kisa chako badala yake. Kwa kazi za kujitegemea, pata mkataba wa maandishi na malipo ya awali kabla ya kuanza, na uandike idadi ya marekebisho. Uwe na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Kampuni inaweza kukukata asilimia 5 ya ada ya ushauri kama kodi na kuiwasilisha kwa niaba yako, kwa hivyo dai cheti chake ili uihesabu kwenye ritani. Tangu 2024 wengi pia watakudai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Ulizia mapema, malipo yasije yakakwama kwa miezi.

Kiwango cha kutoza? Waulize wanachama wa chama, waziwazi, kwa tarakimu. Usiri wa malipo huwaumiza wanaoanza, na hasa wasichana.

Ukikwama

Sina laptopu. Hatua za 1, 2 na 4 hazihitaji. Chora kwa karatasi, kata skrini kama kadi, mpe mtu abonyeze kwa kidole huku wewe ukibadilisha kadi. Watu hulielewa jambo hilo mara moja. Kisha kodisha saa mbili saiba kwa kuchora safi.

Sijui kuchora. Mistari, masanduku na maneno yanasomeka? Unajua.

Nimetuma maombi mengi, kimya. Mpe mwanachama mmoja jalada lako kwenye simu, kwa dakika mbili, kisha umwondolee. Akishindwa kueleza tatizo lilikuwa la nani, tatizo lako liko kwenye aya ya kwanza. Iandike upya.

Mteja hataki utafiti, anasema hauna faida. Usibishane. Rekodi, kwa ridhaa, mtu mmoja akitumia kitu chake kwa dakika tatu. Mwonyeshe hapo hapo mlipoketi.

Kazi niliyofanya ni siri ya mwajiri. Usiionyeshe. Eleza mchakato kwa maneno bila picha wala jina, au ufanye mradi wako mwingine wa saiba.

Chama kimeanza kupungua watu. Angalia kitabu: kuna aliyekuja vikao vitatu bila kupokea? Mpe zamu inayofuata, na umpigie simu Ijumaa jioni umwulize ataleta nini.